Siku ya Migongo

Kata lilikwangua chini ya mtungi mara tatu, likanyamaza. Nyamizi alikuwa macho kabla ya hapo, lakini alibaki amelala akingoja kama litakwangua mara ya nne. Halikukwangua. Alimsikia mjukuu wake Milembe akimimina kile kidogo alichopata ndani ya kikombe, polepole, kisha kikombe kikawekwa chini karibu na kichwa chake na kufunikwa kisahani. Mtoto alikuwa amempa bibi yake maji yote ya nyumba. Alirudi kwenye mkeka wake, akajifunika gubigubi, akajifanya hajaamka.

Mambo kama hayo Nyamizi hakuyasahau. Ungemwuliza upepo uliezua paa lake mwaka gani, asingekumbuka, lakini alikumbuka nani alimletea nyasi za kuezekea, na kwamba zilikuwa zimefungwa kwa kamba mpya.

Katika mji ule miaka haikwenda kwa mpango. Kulikuwa na siku zilizorudi mara mbili, watu wakazitambua kwa harufu yake, na kulikuwa na miezi mizima iliyopita bila mtu kuiona, ukashtukia tu mtoto ameota meno. Hata umri wa Nyamizi ulibadilika kufuatana na anayeutaja. Waliompenda walimpa sitini, wasiompenda walimpa mia. Kitu kimoja tu kilikwenda kwa saa yake bila kukosea, nacho kilikuwa kisima.

Kisima kilikuwa na mfuniko wa chuma na kufuli kubwa, na ufunguo wake ulivaliwa shingoni na mtu aliyechaguliwa na mji. Aliyeuvaa ndiye aliyeamua kifunguliwe lini. Tangu kufuli iwepo, kisima kilifunguliwa jua likishapanda, ng'ombe wakanywa kwanza, kisha wanawake wakachota yaliyobaki, yenye manyoya na mate. Maji ya uji wa asubuhi, ya kumwogesha mtoto, ya kumpa mgonjwa aliyeamka na kiu, hayo yalifuatwa bwawani, kwenye matete, kabla ya mapambazuko. Na kila kiangazi mwanamke mmoja hakurudi kutoka kwenye matete. Mmoja tu. Watu walikuwa wameizoea hesabu hiyo kiasi kwamba kiangazi kikikaribia kwisha na bado hajapotea mtu, walianza kutazamana.

Miaka tisa nyuma, kama kweli ilikuwa tisa, alipotea Holo, binti wa pekee wa Nyamizi, mama yake Milembe. Ndoo yake ilikutwa ukingoni imesimama wima, imejaa mpaka juu, na ndani yake amelaza tawi bichi ili maji yasichuruzike njiani, kama alivyofundishwa na mama yake. Hapakuwa na nyayo za kuingia majini wala za kutoka. Nyamizi aliibeba ile ndoo mpaka nyumbani bila kumwaga tone, akapika uji kwa maji yale yale, akamlisha Milembe aliyekuwa bado ananyonya. Hakujua afanye nini kingine.

Sasa goti la Nyamizi lilikuwa limevimba na halibebi tena ndoo iliyojaa. Milembe alikuwa ametimiza miaka kumi na moja. Mtungi ulikuwa mtupu. Kama kisima kisingefunguliwa kesho alfajiri, kesho alfajiri mtoto angekwenda kwenye matete. Ndiyo maana mwanamke huyu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuomba kitu kikubwa kuliko kuazima kinu, alikuwa ameutaka ufunguo.

Alikunywa nusu ya maji. Nusu alimwachia Milembe, akakifunika kikombe kwa kisahani kile kile.

*

Miezi yote ya kuomba kura alikuwa na neno moja, na kila alipoalikwa alilisema hilo hilo: kisima kifunguliwe kabla ya alfajiri, na wanawake wachote kabla ya ng'ombe. Hakuna aliyempinga. Hilo ndilo lililomshangaza kuliko yote. Walimsikiliza mpaka mwisho, wakatikisa vichwa kwa kukubali, kisha wakauliza mambo mengine. Kwa nini macho yake ni mekundu? Alijibu kwamba amepika kwa kuni mbichi miaka arobaini, wakaitikia, na swali likarudi mkutano uliofuata kama halijajibiwa. Ufunguo utalala shingoni kwa nani, naye hana mume? Mumewe alikufa kwa nini? Mwanawe je? Mzee mmoja alisema mwanamke aliyezoea kuzika atazika na kisima, na watu wakacheka sana, hata Nyamizi mwenyewe akajikuta ametabasamu kwa sababu ya heshima. Wengine walisema sauti yake ni nyembamba, inaumiza masikio.

Bwana Lutonja, aliyeuvaa ufunguo miaka yote hiyo, alikuwa na jicho moja linalotazama pembeni na sauti kama mlango wa ghala. Hakuulizwa habari ya jicho wala ya sauti. Hakuahidi kitu. Alisimama mbele ya watu, mpana, mikono nyuma, na watu wakaupigia makofi ule upana.

Lakini kwenye mashine ya kusaga, ambako wanaume hawakai kwa sababu ya vumbi, wanawake walimwambia Nyamizi kwamba wako naye wote. Walimwambia bila kufungua midomo sana. Mmoja alimshika mkono na kuuachia haraka. Mwingine alimfungia unga kidogo kwenye pindo la kanga, akamwambia akaupikie mjukuu. Mashine ilinguruma, na katika ngurumo ile Nyamizi alihesabu vidole vilivyomgusa, akaona vinatosha.

*

Mji ule haukujua karatasi za kura. Uchaguzi wao uliitwa Siku ya Migongo. Wagombea walisimama wakiutazama ukuta mrefu mweupe wa ghala la zamani, kila mmoja sehemu yake, na watu wakapanga mstari nyuma ya wanayemtaka. Mgombea hakuruhusiwa kugeuka mpaka karani agonge kipande cha reli kilichoning'inia kwenye mti. Akigeuka kabla, ameshindwa. Wazee waliotunga desturi hiyo walisema wamefanya hivyo kwa huruma, ili mgombea asijue nani alimwacha na nani alimfuata, asije akalipa kisasi baadaye. Walimziba macho mgombea. Hawakukumbuka kuwaziba macho watu wenyewe kwa wenyewe. Mume alimwona mkewe, mama mkwe alimwona mkwewe, mwenye duka alimwona anayekopa chumvi kwake. Jambo hilo lilikuwa wazi kama jua, na kwa sababu lilikuwa wazi hakuna aliyelitazama, na mji mzima uliendelea kuiita siku ile siku ya siri.

Nyamizi alipofika, karani, mzee Kasanda, alikuwa ameshachora kwa chokaa maduara mawili chini ya ukuta. Ndani ya duara la Nyamizi alikuwa amekunja gunia mara nne na kulilaza. Hakulisemea. Alimwonyesha kwa kidevu tu, kisha akatazama pengine, na Nyamizi akaelewa kwamba gunia lile lilikuwa kwa ajili ya goti lake. Alilikanyaga, likampokea.

Lutonja alikuwa ameshasimama. Walisalimiana bila kutazamana, kama watu wawili wanaojisaidia porini.

Jua lilitoka nyuma yao.

Nyamizi alikuwa amewaza sana kuhusu migongo katika siku zile. Uso unaweza kuujua, unaweza kuuliza uso swali na ukaona jibu kabla halijatamkwa. Mgongo haujibu. Mtoto huuona kwanza mgongo wa mama yake, akiwa amefungwa pale, na kwa mtoto dunia yote ni joto lile na kitambaa kile. Haoni waendako, na hana wasiwasi. Labda watu wanaposimama nyuma ya mtu wanataka kurudi pale. Labda hawataki kwenda popote. Wanataka kufungwa kitambaa. Lakini kama ni hivyo, alijiuliza, kwa nini hawataki mgongo wa mama, ambao ndio waliouzoea? Kwa nini wanautafuta upana wa mtu ambaye hajawahi kumbeba mtoto hata mmoja kutoka mlangoni mpaka kisimani? Alisimama na swali hilo kifuani, ukuta umbali wa mkono, akauona ukuta ukianza kupata rangi.

Kwanza kikaja kivuli chake mwenyewe, chembamba, kimelalia upande wa goti zuri. Kisha nyuma ya kivuli chake kikaja kingine, cha mwanamke mwenye ndoo kichwani. Kikaja cha tatu, chenye mtoto mgongoni, na mtoto mwenyewe alikuwa na kivuli chake, mkono mdogo ukichezea hewa. Vikaja viwili vilivyoshikana mikono. Vikaendelea kuja. Vilipanda ukutani kimoja juu ya bega la kingine, vikajaa upande wake, vikasogea taratibu mpaka karibu na upande wa Lutonja. Nyamizi aliwatambua kwa namna ya kufunga kilemba, kwa kuinama, kwa yule mwenye nyonga moja iliyoinuka tangu alipojifungua vibaya. Wote wa mashine ya kusaga walikuwepo. Na vingine pia, virefu, vyenye kofia na fimbo za kuchungia, vya wanaume.

Upande wa Lutonja ukuta ulikuwa mweupe mtupu. Hata kivuli cha Lutonja mwenyewe hakikuwepo.

Moyo wa Nyamizi ulipiga mpaka akauogopa. Alimwona Milembe kesho akilala mpaka kuche. Aliona mfuniko wa chuma ukiinuliwa gizani. Alitaka kugeuka awashukuru, akajizuia kwa kuushika ukuta kwa macho.

Kisha akaanza kusikiliza. Nyuma ya watu wengi namna ile palipaswa kuwa na kikohozi, mtoto anayelia, mtu anayefukuza nzi. Nyuma yake palikuwa kimya. Pumzi zilitoka kwingine. Watu walikuwa wakipumua upande wa pili, wengi, kwa pamoja, kama ng'ombe ndani ya zizi.

Jua halikusogea. Lilikaa pale pale kwa muda ambao hakuna aliyeweza kuusema baadaye. Wengine walisema dakika, wengine walisema mimba zilitungwa na watoto wakazaliwa. Kisha Kasanda akagonga reli.

*

Nyamizi aligeuka. Nyuma yake alisimama Kabula, jirani yake, aliyekuwa na ukuta mmoja naye na ambaye walikuwa wakipeana moto miaka yote, na nyuma ya Kabula mzee mmoja kiziwi aliyefika kumsalimia tu kwa sababu juzi alimpa viazi. Basi.

Nyuma ya Lutonja ulikuwepo mji mzima. Mstari ulikwenda mpaka ukapinda kwenye pembe ya soko. Wanawake wa mashine walikuwa humo, mmoja mmoja katikati ya wanaume wao, macho chini, kila mmoja akitazama visigino vya aliye mbele yake.

Kasanda alipita akihesabu kwa sauti. Alipomaliza mstari wa Lutonja alikuja kwa Nyamizi, akasema moja, akasita kwa mzee kiziwi, akasema mbili kwa wema wake. Kisha akainua macho akauona ukuta, na mkono wake ukabaki hewani.

Vivuli havikuondoka. Watu walianza kutawanyika kwenda nyumbani, wanazungumza, wanacheka kidogo, na vivuli vyao vilibaki pale ukutani, vimepanga mstari nyuma ya mahali aliposimama Nyamizi. Hapo chini watu walitembea juani bila kitu miguuni pao, na hakuna aliyetazama chini.

Kabula alimwuliza karani kwa nini hahesabu wale pale. Mzee Kasanda alisema kwa upole kwamba desturi inahesabu walio na miguu, na kwamba yeye ni karani tu, hana ruhusa ya kuhesabu zaidi ya hapo. Alilikung'uta lile gunia, akampa Nyamizi aende nalo.

*

Walianza kumjia kabla ya jua kufika utosini, kwa njia za nyuma, mmoja mmoja. Walidai wamekuja kumpa pole. Kila mmoja alileta kitu: bamia kwenye sahani, sindano iliyokwisha kutungwa uzi kwa ajili ya macho yake, dawa ya goti. Nyamizi alipokea kwa mikono miwili na kumwambia Milembe awawekee kigoda. Walikaa, wakasifu usafi wa ua, kisha kila mmoja, kwa njia yake, alikuja kwenye lililomleta. Tangu asubuhi kuku hawamtambui. Mtoto anakataa ziwa. Akikaa juani hahisi joto, akikaa kivulini hahisi baridi. Je, Mama Holo anaweza kumsaidia kukipata kile kilichobaki ukutani, kimya kimya, kabla mume hajaona?

Nyamizi hakuwalaumu. Aliwauliza tu, kila mmoja, alisimama kule kwa ajili ya nani.

Minza, mke wa fundi baiskeli, alisema: "Mama Holo, mume wangu alikuwa mbele yangu na shemeji yangu nyuma yangu. Katikati ya wanaume wawili ningepitia wapi? Sikumchagua Lutonja. Nilichagua kurudi nyumbani."

Kisha akaeleza jambo ambalo Nyamizi alilitafakari siku ile yote. Alisema kwamba nyuma ya mtu mpana huonekani. Unasimama pale na hakuna anayekuuliza unataka nini, kwa sababu wote mnataka kitu kile kile, yaani kutoonekana. Ila nyuma yako wewe Mama Holo, alisema, nyuma yako mtu anabaki wazi kama mbuzi kwenye kilima.

Sayi, mwalimu wa watoto wadogo, msichana msomi aliyekuwa akimsomea Nyamizi barua, hakukaa kwenye kigoda. Alisimama mlangoni. Alisema yeye hakuwa na mume mbele wala shemeji nyuma, na hakuna aliyemlazimisha, hivyo hana cha kujitetea nacho.

"Kila uliposema habari ya maji, nilimsikia mama yangu akiniamuru nikachote," alisema. "Maneno yako yalikuwa kweli yote. Nilichukia tu kuyasikia kwa sauti ile. Angeyasema Lutonja ningeyaandika ubaoni."

Alilia, na Nyamizi akamfuta kwa pindo la kanga, lile lile la unga, akamwacha na alama nyeupe shavuni.

Yule mwenye nyonga iliyoinuka alisema aliogopa asimame kwa Nyamizi, washindwe, kisha ajue kwa hakika kwamba wao ni wachache. Kule kwa Lutonja angalau angeendelea kusema tungetaka tungeshinda. Mwingine alisema alidhani wenzake wote watakwenda, kwa hiyo yeye mmoja hatapunguza kitu. Wengi walisema hivyo. Ukiwajumlisha wale tu waliosema hivyo, wangepinda kwenye pembe ya soko.

Basi Nyamizi aliendelea kuwaza, huku akichambua bamia. Mtu akishinda huhesabu vichwa na kusema napendwa. Lakini ndani ya mstari ule kulikuwa na nini? Kulikuwa na usingizi wa mume usiovurugwa. Kulikuwa na hasira ya msichana kwa mama yake. Kulikuwa na hofu ya uchache, na aibu ya kuonekana, na macho ya jirani. Lutonja mwenyewe hakuwemo. Walisimama nyuma yake kama watu wanavyosimama nyuma ya mlango. Na yeye Nyamizi je? Waliomwacha, walimwacha yeye? Hawakuwahi kumfikia wamwache. Walikuwa wakikwepa kitu kilichokaa ndani yao siku nyingi, kikiwa na macho mekundu, kikiwa na sauti nyembamba, kikiwaambia maji yako pale na kufuli ni ndogo.

Aliwapeleka ukutani wawili watatu wajaribu. Walisimama mbele ya vivuli vyao, wakaviita kwa majina, wakavishika miguu. Vivuli havikugeuza hata shingo.

*

Alasiri, njia za nyuma zilipokuwa zimetulia, alikuja Bwana Lutonja. Milembe alimkaribisha kigoda, kikalia chini ya uzito wake. Ufunguo ulikuwa shingoni, mrefu kama kiganja. Hakuleta bamia. Alitazama miguu yake kwa jicho lile moja, na Nyamizi akatazama pia, na pale chini mchanga ulikuwa mweupe.

"Nawe pia?" Nyamizi aliuliza.

"Nilikuwa nautazama ukuta kama wewe," alisema Lutonja. "Nilikiona kikiondoka. Kilipita mbele ya macho yangu, kikaja kupanga mstari kwako, na sikuweza kukikemea kwa sababu kukemea ni kugeuka." Akajifuta jasho. "Mama yangu alipotelea kwenye matete. Nilikuwa mdogo. Hili silisemi kwa watu."

Nyamizi alimwonea huruma, akamtafutia maji ya kunywa, akakumbuka hayapo, kwa kuwa Siku ya Migongo kisima hakifunguliwi. Ile nusu kikombe ya Milembe ilikuwa bado imefunikwa. Milembe mwenyewe ndiye aliyeileta, akapiga goti, akampa mgeni. Lutonja alikunywa yote bila kuuliza yametoka wapi, kisha akaona mtoto anavyokitazama kikombe, akaelewa, akakishika muda mrefu kabla ya kukirudisha.

Nyamizi alisema, "Basi fungua. Kesho alfajiri. Ufunguo ni wako, mji ni wako, hakuna wa kukuzuia. Sema ni wazo lako, mimi nitakupigia makofi."

Lutonja alitikisa kichwa. Alisema wale waliosimama nyuma yake walisimama ili kisifunguliwe. Akikifungua, wote watasema mwanamke ameshinda, na watauliza ni nani kati yao aliyemtaka, na watatazamana. Alisema alizisikia pumzi zao asubuhi yote mgongoni na hakuna hata moja iliyokuwa yake. Wanamsukuma, alisema. Watu wanadhani anawaongoza, lakini ana alama za vidole vyao mgongoni, na akafunua shati akamwonyesha. Zilikuwepo, nyekundu, nyingi, ndogo na kubwa.

Nyamizi alimpaka dawa ya goti kwenye zile alama, kwa kuwa ndiyo dawa aliyokuwa nayo. Lutonja aliinuka akaenda zake na ufunguo. Mlangoni aligeuka kama mwenye neno, akamtazama Milembe, akamtazama bibi yake, akasema tu kwamba watoto wa siku hizi wana adabu.

*

Kata lilikwangua mara moja. Lilikuwa limekuta udongo mtupu.

Milembe alichukua ndoo. Nyamizi alikuwa ameshavaa, amefunga goti kwa kipande cha lile gunia. Hakumwambia mtoto abaki, kwa sababu mtungi haukubali maneno, na hakumwambia asiogope. Alimshika mkono tu. Nyumba ya Kabula ilipofunguka, Kabula alitoka na ndoo yake, akaushika mkono wa pili wa Milembe, na wakaenda watatu kwenye kiza kilichoanza kuwa cha kijivu.

Njia ilipita kwenye ghala. Kisima kilikuwa mbele yake, mfuniko umefungwa, kufuli ina umande. Nyamizi hakukitazama. Alisimama mbele ya ukuta, akawaambia wale waliokuwa pale, kwa sauti yake nyembamba, kwamba wamekesha wamesimama, na kama hawajachoka wangemsindikiza mtoto.

Ukuta ukabaki mweupe.

Hapakuwa na jua bado, na vivuli vilikuwa chini, njiani, vinatembea. Milembe aliviona kwanza, akaminya mkono wa bibi yake. Vilikwenda pande zote mbili, vyenye ndoo, vyenye watoto, vyenye fimbo. Kimoja kipana kilitangulia mbele na kusukuma nyasi zenye umande, lakini nyasi hazikutikisika. Zilisikika nyayo za wao watatu tu.

Kwenye matete upepo ulikoma. Milembe aliinama, na vivuli vikaingia majini mpaka magotini, vikamzunguka, migongo nje, nyuso kwake. Alichota. Ndoo ilijaa mpaka juu. Akaangalia huku na huku akitafuta tawi la kulaza ndani, na tawi lilikuwepo, bichi, limekatwa sasa hivi, limewekwa ukingoni pembeni ya mguu wake.

Nyamizi alilijua lile tawi. Aliijua namna lilivyovunjwa, kwa kupinda kwanza. Matete yalifunguka kidogo, upana wa uso, na ndani yake kulikuwa na kiza na sauti ambayo hakuisikia kwa miaka tisa, kama kweli ilikuwa tisa.

"Mama. Nani hao umekuja nao?"

"Ni watu walionichagua," alisema Nyamizi.

Matete yalinyamaza, kama mtu anayehesabu. Nyuma ya sauti ile ya kwanza zilisikika nyingine, za wanawake wengi, wakubwa na wadogo, zinanong'onezana, na moja yao, ya kizee sana, ikauliza kama mwenye jicho la pembeni naye amekuja. Kivuli kipana kikainama mpaka kikagusa maji.

"Ni wengi, mama," alisema Holo.

"Ndiyo, mwanangu. Ni wengi."

Milembe alitwishwa ndoo na Kabula. Alfajiri ilikuwa inaingia, na vivuli vilikuwa vinaanza kufifia pembeni, kila kimoja kikivutwa upande wa nyumba ambako mtu alikuwa anaamka. Matete yalianza kufunga. Kabla hayajafunga kabisa, mkono mmoja uliolowa ulitoka, ukanyoosha tawi lililokuwa limekaa vibaya kwenye ndoo ya mtoto, ukarudi.

"Kesho mje tena," ilisema sauti. "Mje nao hivi hivi. Wakija wote, hakuna hata mmoja wetu atakayebaki huku."